Kampuni ya wahandisi iwe ya nani? Ubia, hisa za wafanyakazi, mfuko wa wadhamini na ushirika

Mwaka huu nimepigiwa simu na wahandisi watatu wa hapa Arusha na mmoja wa Moshi, na wote wameuliza jambo moja, kila mtu kwa maneno yake. Kampuni yao ya ushauri imefika watu kumi, kumi na wawili. Mwanzilishi amechoka, au vijana wameanza kuutazama mlango. Wamesikia kwamba Marekani na Uingereza kuna kampuni kubwa za uhandisi zinazomilikiwa na wafanyakazi wenyewe, na wanataka kujua kama jambo hilo linawezekana hapa.

Linawezekana, kwa njia zaidi ya moja, na kila njia ina mahali pake pa kuumia. Nimeweka nne hapa: ubia wa wachache, kampuni ambayo wafanyakazi wananunua hisa, kampuni ambayo hisa zote zinashikwa na wadhamini kwa niaba ya wafanyakazi, na ushirika. Ipo ya tano, kuuza kwa kampuni kubwa ya Dar es Salaam, lakini hiyo siilinganishi. Ukishauza umeuza.

Jambo moja ulijue kabla hujaendelea. Mimi nilikuwa mfanyakazi mwenye hisa kwa miaka sita katika kampuni moja ya hapa mjini, nikaondoka, nikasubiri fedha zangu miezi 26. Nimejitahidi kutoipendelea wala kuionea njia hiyo, ila usome ukijua ninatoka wapi.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni mhuri, yaani usajili wa mhandisi, na zabuni. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, iliyoundwa kwa Sheria Na. 15 ya mwaka 1997, inasajili mtu na inasajili kampuni. Kampuni ya ushauri isiyo na mhandisi mshauri aliyesajiliwa ni kibao cha mlangoni tu. Halafu kuna NeST, mfumo wa manunuzi ya umma uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Ukiomba kazi ya taasisi za umma za barabara na maji kama TANROADS, TARURA na RUWASA, au ya halmashauri, wanataka wasifu wa wahandisi wenye usajili, hesabu zilizokaguliwa na kazi zinazofanana ulizokwisha kufanya. Kwa hiyo mtu mmoja akiondoka na mhuri wake, anaweza kuondoka na nusu ya alama zako za zabuni.

Cha pili ni fedha ya kukulia. Ushauri hauhitaji greda wala kijiko, unahitaji mishahara. Unalipa watu kila mwisho wa mwezi, mteja anakulipa akilipa. Kazi ikiwa kubwa, pengo linakuwa kubwa zaidi, kwa sababu unaajiri kwanza na kulipwa baadaye. Ndiyo maana kampuni nyingi hufa zikiwa na kazi mkononi.

Cha tatu ni anayeondoka: anapewa nini, lini, na kutoka mfuko gani. Watu hukiruka kwa sababu siku ya kusajili kampuni hakuna anayewaza kuondoka. Cha nne ni kodi. Cha tano ni uamuzi, yaani nani anakata shauri saa nne usiku wakati zabuni inafungwa kesho asubuhi.

Ubia wa wachache

Wahandisi wawili au watatu, kila mmoja na mhuri wake, wanasaini mkataba wa ubia. Sheria yake imo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345.

Mhuri na zabuni: wabia ndio mihuri, na maadamu wapo, mko sawa. Wakigombana wawili, hakuna kampuni.

Fedha ya kukulia inatoka mifukoni mwao na kwenye hati za nyumba zao. Hapa ndipo pa kuogopa. Katika ubia wa kawaida deni halina kikomo. Ukuta wa kuzuia udongo ukiporomoka huko Moshono na mahakama ikasema usanifu ulikuwa mbovu, mdai anaweza kuifuata nyumba yako ya Njiro. Bima ya dhamana ya kitaaluma inapunguza hofu, haiiondoi.

Anayeondoka anafuata mkataba, na kama mkataba haukusema, hata kifo cha mbia mmoja kinaweza kuuvunja ubia mzima. Nimeona wabia ambao mkataba wao ni ukurasa mmoja walioupakua mahali, una jina la mji wa nchi nyingine ambalo hawakulifuta.

Kwenye kodi ubia una nafuu yake. Wenyewe haulipi kodi ya mapato; faida inagawanywa kwenye vitabu na kila mbia analipa kwake, kiwango cha juu asilimia 30. Kampuni ya hisa inalipa asilimia 30 ya faida, kisha gawio likitoka linakatwa asilimia 10 nyingine. Katika kila shilingi 100 za faida, mwanahisa anafika nyumbani na 63, mbia na 70 au zaidi.

Uamuzi ni wa haraka kuliko njia zote nne. Wabia wanakutana kwenye chai, wamemaliza.

Tatizo la ubia linakaa chini, kwa vijana. Kijana ametoka chuo, mmemlea miaka mitatu ya SEAP, mafunzo ya kazini ya mhandisi kabla ya kusajiliwa, amesajiliwa. Siku hiyo hiyo thamani yake sokoni imepanda, na kwenu hajui kama atakaribishwa kuwa mbia akiwa na miaka 35 au 50 au asikaribishwe kabisa. Nafasi za serikali zikitangazwa, anaomba. Hamwezi kumlaumu. Mmekuwa chuo cha kuwaandalia wengine watu.

Ubia unawafaa watu wawili hadi wanne wanaojuana vizuri, wanaofanya kazi za hatari ndogo kama upimaji, tathmini na usimamizi wa majengo ya kawaida, na ambao hawana haja ya kukua kupita hapo. Hakuna aibu kubaki wadogo. Baadhi ya wahandisi wenye maisha mazuri ninaowajua wako watatu na katibu muhtasi mmoja.

Hisa mikononi mwa wafanyakazi

Hii ndiyo wengi wanaifikiria wanaposema kampuni ya wafanyakazi. Mnasajili kampuni BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, mnaweka hisa, na mfanyakazi akishakaa miaka miwili au mitatu anaruhusiwa kununua. Sheria haiwazuii. Kampuni binafsi ina kikomo cha wanahisa 50, lakini wafanyakazi, na waliowahi kuwa wafanyakazi wakabaki na hisa zao, hawahesabiwi ndani ya hao 50.

Mhuri na zabuni: hapa njia hii inashinda ubia waziwazi, kwa sababu wenye mihuri wana sababu ya kubaki. Lakini kabla hujamgawia hisa mhasibu na dereva, pitisha rasimu ya katiba ya kampuni ERB uwaulize. Usisubiri wakati wa kuhuisha usajili.

Kuna na jambo ambalo halionekani kwenye vitabu. Tulikuwa tunapima kisima huko Oldonyosambu, ukanda ambao kila mtu wa maji anaujua kwa floraidi. Msimamizi wa mteja alitaka jaribio la pampu la saa 24 likatishwe baada ya saa nane tu, kwa sababu jenereta ilikuwa inakula dizeli na gari lilikuwa linasubiri kurudi mjini. Fundi wetu, kijana mwenye hisa 200 tu, alikataa. Alilala pale kando ya jenereta, tochi mdomoni, akiandika kina cha maji kila baada ya muda kwenye daftari lililolowa umande. Asubuhi akachukua sampuli ya mwisho. Floraidi ilikuwa imepanda kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, wakati sampuli ya saa ya kwanza ilikuwa chini yake. Nilipomuuliza kwa nini hakuogopa kugombana na mteja, alinijibu, "Injinia, ile ripoti si ina jina la kampuni? Basi ina langu."

Fedha ya kukulia inaingia kidogo kidogo: makato ya mshahara, bonasi inayolipwa kwa hisa, mkopo wa SACCOS. Kumbuka hisa unayompa mtu bure, au kwa bei ya chini, ni mapato ya ajira mbele ya TRA na inakatwa kodi. Kuna mtu aliyewahi kupata "zawadi" ya hisa akakatwa mshahara wa mwezi mzima, na zawadi yenyewe hawezi kuila.

Sasa anayeondoka. Tuseme kampuni ina watu 12. Mkaguzi amefunga hesabu. Mali ukitoa madeni ni shilingi milioni 240. Hisa ziko 24,000, kila moja 10,000. Mpima mkuu ana hisa 3,600, yaani asilimia 15. Anaandika barua ya kuacha kazi, anakwenda Dodoma. Anadai milioni 36, na ni haki yake.

Fungua mizania uone hizo milioni 240 ziko wapi. Milioni 170 ni ankara ambazo wateja hawajalipa. Milioni 51 ni Land Cruiser kuukuu, vifaa vya upimaji na kompyuta. Benki kuna milioni 19, na mishahara ya mwezi ni 17. Mpima ni tajiri kwenye karatasi, kampuni ni tajiri kwenye karatasi, na Ijumaa hakuna wa kumlipa mwenzake.

Mimi mwenyewe nimewahi kuwa mahali pa huyo mpima. Mkataba wetu wa wanahisa ulikuwa na kifungu kimoja juu ya kuondoka, nacho kilisema atakayeondoka atalipwa hali ya fedha itakaporuhusu. Nilikisaini nikicheka na wenzangu, tukaenda kula nyama choma. Nilipoondoka, hali ya fedha haikuruhusu kwa miezi 26. Nilikuwa napita ofisini kila Ijumaa kama mtu wa kausha damu. Walinilipa kwa mafungu matatu. Sikuibiwa, na lazima niliseme hilo: fedha yao ilikuwa imekwama kwa mteja wa umma, na wakati nawalaani wao wenyewe walikuwa wanachelewesha mishahara yao. Kosa lilikuwa kwenye kile kifungu, na saini yangu ipo.

Kifungu kizuri, kwa jinsi ninavyoona sasa, kinasema mambo haya: bei inakokotolewa mara moja kwa mwaka baada ya ukaguzi, ankara iliyozidi mwaka mmoja inahesabiwa sifuri, anayeondoka analipwa kwa mafungu ya miaka mitatu hadi mitano yenye tarehe, malipo yote ya mwaka kwa walioondoka hayapiti sehemu fulani ya faida ya mwaka uliotangulia, na kila mwaka wa faida, fungu linawekwa akaunti ya pembeni kwa kazi hiyo tu. Kinasema pia mwanahisa akifariki hisa zinanunuliwa na kampuni, familia inapewa fedha. La sivyo, mirathi ikifunguliwa, mjane na watoto wa kaka wanakuwa wanahisa wa kampuni ya uhandisi, na hakuna aliyewatakia hivyo.

Kodi nimeshaisema: 30 kisha 10. Uamuzi ni wa bodi, kura kwa hisa, na mwenye hisa nyingi bado ni bosi. Usimdanganye kijana wa asilimia moja kwamba ana sauti sawa.

Kuna ugonjwa wa pili unaokuja kampuni ikifanikiwa. Bei ya hisa ikipanda kuliko mishahara, kijana hawezi kununua na mzee hawezi kuuza. CH2M Hill ya Marekani, iliyoanzishwa Corvallis, Oregon, mwaka 1946, ilikuwa ya wafanyakazi wake kwa miongo mingi, na hisa ziliuzwa na kununuliwa ndani kwa ndani. Ilikua ikawa moja ya kampuni kubwa za uhandisi duniani. Baadaye miradi michache mikubwa ikaleta hasara, mwaka 2015 ikachukua fedha za nje kutoka kampuni ya uwekezaji ya Apollo, na mwaka 2017 ikanunuliwa na Jacobs, kampuni nyingine kubwa ya uhandisi. Wengi walipata fedha nzuri. Kampuni ya wafanyakazi ndiyo iliyoisha.

Njia hii inafaa kampuni ya watu wanane hadi 40 hivi, yenye wateja mchanganyiko wanaolipa kwa nyakati tofauti, na yenye mhasibu anayefunga hesabu kila mwaka bila kusukumwa. Kama hesabu zenu za mwaka juzi bado ziko kwenye bahasha, msiuziane hisa kwanza.

Mfuko wa wadhamini

Hapa hakuna anayenunua. Hisa zote, au nyingi, zinashikwa na wadhamini kwa niaba ya watu wote waliomo kazini. Ukiingia unafaidika, ukitoka unaacha. Mfano unaojulikana ni Arup, iliyoanzishwa London na Ove Arup mwaka 1946: mali yake iko chini ya udhamini kwa ajili ya wafanyakazi, na hakuna mwanahisa wa nje.

Wamarekani wana namna yao, ambayo tangu sheria ya mwaka 1974 kila mfanyakazi ana akaunti yake ndani ya mfuko na analipwa akiondoka. Burns & McDonnell ya Kansas City ilizaliwa mwaka 1898, ikaja kumilikiwa na kampuni ya chuma iitwayo Armco, na katikati ya miaka ya 1980 wafanyakazi wakainunua kwa njia hiyo. Leo ina watu zaidi ya 10,000. Ukisikia hadithi kama hiyo kumbuka kwamba wenzetu walipewa nafuu za kodi kwa sheria, na Uingereza nao wakaongeza zao mwaka 2014. Hapa kwetu utakachokuwa nacho ni hati ya udhamini iliyoandikwa na wakili mzuri, na faida ya kampuni yenyewe.

Mhuri na zabuni: kampuni inabaki vilevile mbele ya ERB na NeST, jina na historia ya kazi haviguswi mzee mwanzilishi akistaafu. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika, maana kazi zinazofanana zinahesabiwa kwa miaka.

Fedha ya kukulia: hakuna mtaji mpya unaoingia, kwa hiyo mnakua kwa kasi ya faida mnayoibakiza. Na kwanza kuna mzee wa kumlipa. Tuseme anataka milioni 200. Mkizikopa benki kwa riba ya karibu asilimia 15, mwaka wa kwanza riba peke yake ni milioni 30, kabla hamjagusa deni lenyewe. Kampuni inayobaki na faida ya milioni 40 baada ya kodi haibebi mzigo huo. Njia inayobaki ni mzee alipwe taratibu na kampuni yenyewe kwa miaka saba hadi kumi, na hapo ndipo mazungumzo mengi yanapovunjikia, mara nyingi nyumbani kwa mzee.

Anayeondoka, katika namna ya Uingereza kama ya Arup, hana anachodai, na akaunti ya benki inapumua. Lakini mtu aliyetumika miaka 15 anaondoka na mafao yake ya NSSF na bonasi alizokwisha kula. Wengine wataliona hilo ni sawa. Wengine, hasa waliokuwapo siku za ofisi ya chumba kimoja, hawataliona hivyo kamwe.

Kodi ina jambo la kupendeza. Faida inayogawiwa kama bonasi ni gharama kwa kampuni, hivyo haikutani na ile asilimia 30 ya kampuni. Inakatwa kwa mfanyakazi kama mshahara, juu kabisa asilimia 30. Kwa mwajiri mwenye watu kumi au zaidi ongeza tozo ya ufundi stadi. Hata hivyo mara nyingi ni nafuu kuliko gawio.

Uamuzi ndio unaonitia wasiwasi. Wadhamini ni akina nani? Huu ni mji wa Azimio la mwaka 1967, makumbusho yake yapo Kaloleni, na kila mtu wa rika langu amekua akisikia kwamba mali ya umma haina mwenyewe. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwaambia viongozi wasiwe mabwana kazini, wafanyakazi washirikishwe, na bado kiwanda cha matairi hapa Arusha kimelala. Sisemi mfuko ni ujamaa. Nasema mfanyakazi wa hapa ukimwambia "hii ni mali yetu sote" anasikia kitu ambacho mfanyakazi wa London hakisikii, na utalazimika kumwonyesha hesabu kila robo mwaka mpaka aamini. Weka wadhamini watatu: mmoja wa mwanzilishi, mmoja aliyechaguliwa na wafanyakazi kwa kura ya siri, mmoja wa nje asiye na undugu na yeyote.

Inafaa kampuni ambayo mwanzilishi hana mtoto anayetaka kurithi, ana nyumba na shamba lake tayari, na anajali zaidi jina libaki kuliko hundi iwe nene.

Ushirika

Ukiwa Moshi huwezi kuacha kuulizwa hili. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilianza mwaka 1933, chuo cha ushirika kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Ushirika kilianza mwaka 1963, na kila familia ina mjomba aliyewahi kuwa katibu wa chama cha msingi. Swali la yule wa Moshi lilikuwa hili hasa: kwa nini wahandisi wasiwe chama cha ushirika?

Kwa uamuzi, hakuna njia iliyo ya haki zaidi: mwanachama mmoja, kura moja, awe na hisa tano au hamsini. Anayeondoka anarudishiwa hisa zake kwa masharti ya chama, si kwa bei ya kampuni iliyokua, kwa hiyo kile kisa cha milioni 36 hakitokei. Gharama yake ni kwamba aliyejenga jina hapati sehemu ya jina.

Fedha ya kukulia ndiyo shida. Chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 2013 chama kinakuwa na makisio na ukomo wa madeni, na Mrajis wa vyama vya ushirika yupo juu yako. Kwa chama cha wakulima ni ulinzi mzuri. Kwa kampuni inayohitaji kukopa Jumanne kulipia dhamana ya zabuni ya Alhamisi, ni mguu mmoja ndani ya gunia. Mhuri nao: waulize ERB mapema kama watakisajili chama kama kampuni ya ushauri. Kodi mwachie mshauri wa kodi, maana inategemea aina ya chama.

Hata hivyo yule wa Moshi nilimwambia asiutupe ushirika, auweke pembeni ya kampuni. Kampuni nne ndogo za Arusha na Moshi zikimiliki pamoja maabara ya udongo au mtambo wa kupimia lami, ambao hakuna hata moja inayoweza kuununua peke yake wala kuutumia mwezi mzima, hapo ushirika una kazi. Na SACCOS ya wafanyakazi ndiyo hiyo itakayowakopesha kununua hisa.

Wewe uko wapi

Kazi za kanda hii zipo. Tumeona barabara ya Sakina hadi Tengeru ikipanuliwa, mradi wa maji wa bilioni 520 wa jiji, na sasa uwanja wa Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027. Kampuni ndogo inauliza kama ina watu wa kutosha kuombea hata kipande cha kazi kama hizo, na jibu linaanzia kwenye nani anabaki.

Kama mko wawili au watatu na hamtaki kuajiri zaidi ya watu watano, kaeni kwenye ubia, ila andikeni mkataba wa kweli na mkate bima.

Kama mnapoteza kijana mmoja aliyesajiliwa kila mwaka, nendeni kwenye hisa, hata kwa asilimia 20 ya kampuni mwanzoni, na kifungu cha kuondoka kiandikwe kabla ya hisa ya kwanza kuuzwa. Mpeni kila mtu nakala, mwombe aisome akiwa amekasirika, ajifanye ndiye anayeondoka.

Kama wateja wenu karibu wote ni wa umma na malipo yanakuja kwa msimu, hisa zinazopaswa kununuliwa tena zitawanyonga. Fikirieni mfuko, au hisa zenye mafungu marefu ya malipo.

Kama wewe ni mwanzilishi mwenye miaka 60 na unahitaji fedha yote ndani ya miaka miwili kwa ajili ya matibabu au ada, wafanyakazi wako hawawezi kukununua. Waambie hivyo, tafuta mnunuzi wa nje, uwawekee masharti ya ajira ndani ya mkataba wa mauzo.

Kama una miaka 50, una muda. Mzee mmoja wa hapa, bosi wangu wa sasa, alianza akiwa na miaka 52. Kila mwaka anaachia asilimia 6: nusu kwa wafanyakazi wanaonunua, nusu kwa mfuko ambao hakuna anayeugusa. Amebakiza asilimia 58. Mwezi uliopita aliniita akanionyesha kifungu cha kuondoka, kurasa mbili na nusu, akaniuliza kama kuna kilichosahaulika. Nikamwambia kuna kimoja: hakuna tarehe yake yeye. Akachukua kalamu, akaangalia kalenda ya ukutani, akasema tuiache hadi Jumatatu.